Gerrit Rietveld, seremala wa Utrecht (1888–1964)

Mtu akifungua kitabu cha historia ya sanaa ya karne ya 20, ni nadra asikutane na kiti kimoja cha mbao: ubao mwekundu wa kuegemea, ubao wa buluu wa kukalia, fito nyeusi zenye ncha za njano. Mara nyingi picha ya kiti hicho huwekwa karibu na picha za mchoraji Piet Mondrian, na msomaji huondoka akidhani kwamba fundi fulani alizitazama picha zile akazigeuza kuwa kiti. Mambo hayakwenda hivyo. Kiti kilitangulia, kikiwa cha mbao tupu. Rangi zilikifikia miaka kadhaa baadaye. Aliyekitengeneza, Gerrit Thomas Rietveld, hakuanza kama mchoraji wala kama mwananadharia. Alikuwa seremala, mwana wa seremala. Ukiyasimulia maisha yake kwa mpangilio huo, yaani atelie kwanza na nadharia baadaye, kazi yake hueleweka kwa namna nyingine.

Utoto na ufundi

Rietveld alizaliwa tarehe 24 Juni 1888 mjini Utrecht, katikati ya Uholanzi. Baba yake, Johannes Rietveld, alikuwa na atelie ya samani mjini humo. Mtoto alipofika umri wa miaka 12 hivi, aliacha shule akaingia kazini kwa baba. Hakukuwa na ajabu katika hilo. Ndivyo watoto wengi wa mafundi walivyokuzwa. Hapo alijifunza kuchagua mbao, kupiga randa, kukata viungo na kuvigundisha. Samani zilizopendwa na matajiri wa wakati ule ziliiga mitindo ya kale. Zilikuwa nzito, zimejaa nakshi, na ustadi wa fundi ulipimwa kwa jinsi alivyoweza kuvificha viungo vyake. Kijana huyu alijua kuzitengeneza. Jambo hilo si dogo, kwa maana alipoziacha baadaye, hakuziacha kwa sababu zilimshinda.

Mchana alifanya kazi, jioni alifuata masomo. Kwa miaka kadhaa alikuwa mchoraji wa vielelezo katika karakana ya sonara mmoja mjini humo. Masomo ya usanifu majengo aliyapata jioni, miongoni mwa walimu wake akiwamo msanifu P. J. C. Klaarhamer. Hakupita chuo kikuu chochote. Mwaka 1911 alimwoa Vrouwgien Hadders, wakapata watoto sita. Mwaka 1917, akiwa na karibu miaka 29, alifungua atelie yake mwenyewe katika Utrecht. Nchi za jirani zilikuwa vitani. Uholanzi haikuingia katika vita hivyo.

Kiti kabla ya rangi

Katika atelie hiyo ndogo, mnamo 1918, ndipo kiti kilipozaliwa. Ili kukielewa, tuanze na kiungo chake. Kwa ufundi wa kawaida, seremala anayetaka kuunganisha mbao mbili kwenye pembe huchimba tundu katika moja na kuchonga ulimi katika nyingine. Ulimi unaingia tunduni, pembe inafungwa, na mbao zote mbili zinaishia hapo. Rietveld alifanya vingine. Alichukua fito tatu za mraba akazipitisha kandokando: mmoja umesimama wima, wa pili unaelekea mbele, wa tatu unaelekea upande. Fito hizo hugusana ubavuni tu. Zinashikwa na vijiti vya mviringo vilivyofichwa ndani, na kila mmoja unaendelea kidogo kupita mahali pa kiungo. Hakuna ufito unaoukata mwingine. Jicho likifuata ufito mmoja, halikuti ukuta; linaona kwamba ungeweza kuendelea.

Juu ya kiunzi hicho aliweka mbao mbili bapa, moja ya kukalia na moja ya kuegemea, zote zimelala mshazari. Hakuna mto, hakuna kitambaa, hakuna nakshi. Fito zinabeba uzito, bapa zinaupokea mwili, na kila kipande kinaonyesha wazi kazi yake. Kiti cha zamani kilikuwa kama bonge lililowekwa chumbani. Hiki kinaacha hewa na mwanga vipite katikati yake.

Sababu nyingine ilikuwa ya kifundi kabisa. Fito na mbao za namna hiyo zilikuwa za vipimo vya kawaida, zilizoweza kukatwa kwa mashine. Fundi hakuhitaji siku nyingi za kuchonga. Rietveld alitamani kitu ambacho kingeweza kutengenezwa kwa wingi bila kumtumikisha mtu kwa nakshi zisizo na faida. Kuhusu wale waliolalamika kwamba kiti ni kigumu, msimamo wake ulikuwa kwamba kukaa ni tendo, si kulala. Kiti kinapaswa kumshikilia mtu akiwa macho. Kijana mmoja aliyeingia katika atelie hiyo kama mwanagenzi, Gerard van de Groenekan, aliendelea kutengeneza samani za Rietveld kwa miongo mingi.

De Stijl

Mwaka 1917 mchoraji Theo van Doesburg alianzisha katika mji wa Leiden jarida lililoitwa De Stijl. Pamoja naye walikuwamo Mondrian, Bart van der Leck, Vilmos Huszár na msanifu J. J. P. Oud. Walikusudia sanaa inayotumia mambo machache ya msingi tu: mistari iliyonyooka, pembe mraba, rangi tatu za msingi yaani nyekundu, njano na buluu, pamoja na nyeupe, nyeusi na kijivu. Waliamini kwamba lugha hiyo fupi ingeweza kueleweka na watu wote, bila kutegemea taifa wala hadithi yoyote ya zamani.

Jina lenyewe linafaa kutazamwa na wanafunzi wa lugha. Kwa Kiholanzi, stijl ni mtindo. Lile neno dogo de, ambalo Kiswahili hakina la kulingana nalo, linadai kwamba huu si mtindo mmoja kati ya mingi, bali ndio mtindo wenyewe. Lakini katika kinywa cha seremala wa Kiholanzi, stijl lina maana nyingine pia: ni mwimo, ubao uliosimama wima kwenye fremu ya mlango. Kundi la wachoraji liliita jarida lao kwa maana ya kwanza. Mtu aliyekuja kulipa kundi hilo kitu maarufu kuliko vyote alikuwa ameishi tangu utoto na maana ya pili.

Aliwafikia kwa njia ya kazi. Msanifu Robert van 't Hoff alikuwa akijenga nyumba huko Huis ter Heide, karibu na Utrecht, akamwomba Rietveld atengeneze samani kwa kufuata mifano ya Mmarekani Frank Lloyd Wright. Kwa kupitia urafiki wa namna hiyo habari za fundi wa Utrecht zilienea, na mwaka 1919 picha ya kiti chake ilichapishwa katika De Stijl. Kiti hicho kilikuwa bado hakijapakwa rangi hizo. Van Doesburg alikuta kwamba jambo alilolitafuta kwa maneno na kwa brashi, fundi huyu alikuwa amekwisha kulisimamisha kwa mbao.

Kisha mafundisho yalirudi upande wa pili. Mnamo 1923 Rietveld alikipa kiti rangi tunazozijua. Hakuzitupa ovyo. Fito alizipaka rangi nyeusi, hata mbele ya ukuta mweusi zinapotea machoni. Ncha zake, pale msumeno ulipokata, alizipaka njano, ili ionekane kwamba ufito umekatwa tu, haukuisha. Ubao wa kuegemea ukawa mwekundu, wa kukalia ukawa buluu, na vyote viwili vinaonekana kana kwamba vinaelea. Rangi hazikupamba kiti. Zilisema waziwazi kile ambacho kiungo kilikuwa kimesema tayari. Hapo seremala alijifunza kutoka kwa wachoraji, baada ya wachoraji kujifunza kutoka kwake.

Nyumba ya watu wawili

Mwaka 1921 Rietveld aliitwa kukitengeneza upya chumba kimoja katika nyumba ya mwanasheria mmoja wa Utrecht. Aliyetaka kazi hiyo alikuwa mke wa mwanasheria, Truus Schröder-Schräder, aliyezaliwa 1889 na kusomea famasia. Nyumba ya mumewe ilimlemea kwa dari zake ndefu na desturi zake. Mwaka 1923 mume alifariki, akamwachia watoto watatu. Mama huyo alitaka kuwalea kwa namna yake: wasifungiwe katika chumba cha watoto, bali wakue wakisikia mazungumzo ya watu wazima. Alimwomba Rietveld wajenge pamoja nyumba itakayoruhusu maisha hayo.

Ilikamilika mwaka 1924, katika barabara ya Prins Hendriklaan namba 50, mwishoni mwa safu ya nyumba za kawaida za matofali, mahali ambapo wakati ule mji uliishia na mashamba yakaanza. Kwa nje, ni kama kiti kilichokua: bapa nyeupe na za kijivu zinapitana bila kufungana, na fito za rangi zinasimama au kulala kati yake. Kwa ndani, ghorofa ya juu haina kuta za kudumu. Mchana ni ukumbi mmoja. Jioni kuta nyepesi zinatelezeshwa kwenye reli zake, na kila mtu anapata chumba chake cha kulala. Kwenye pembe moja hakuna nguzo; madirisha mawili yakifunguliwa, pembe yenyewe inatoweka, na aliyekaa ndani anajikuta nusu nje.

Kulikuwa na vikwazo. Sheria za ujenzi za mji zisingekubali ghorofa isiyo na vyumba. Basi katika ramani zilizopelekwa kwa wakuu, ghorofa ile iliandikwa kuwa ni dari ya kuwekea vitu, na vyumba vya kawaida vilionyeshwa chini tu. Kingine kilikuwa gharama. Bapa zile zinaonekana kama za zege, lakini zege lilikuwa ghali mno kwa nyumba ndogo. Kwa hiyo kuta nyingi ni za matofali yaliyopigwa lipu, pamoja na boriti za chuma na sakafu za mbao. Wazo lilitangulia vifaa, kama ilivyotokea mara nyingi wakati ule.

Nyumba hii ni kazi ya nani? Kwa miaka mingi vitabu viliandika jina la Rietveld peke yake. Hata hivyo wazo la ghorofa iliyo wazi lilitokana na Truus, na ndiye aliyejua kila saa ya siku jinsi watoto wangeishi ndani yake. Yeye alileta maisha, Rietveld akaleta kiungo. Walifanya ofisi pamoja, na baadhi ya kazi zilizofuata zilibeba majina ya wote wawili. Uhusiano wao ulipita mipaka ya kazi, ilhali Rietveld alikuwa na mke na watoto sita katika mji uleule. Hatuna sababu ya kulificha hilo wala ya kulipamba. Watu wa nyumba mbili walilipia ukaribu huo. Lakini anayeitaja nyumba ya Prins Hendriklaan bila kumtaja Truus, ametaja nusu yake.

Vitu vya watu wengi

Sifa iliyotokana na kiti na nyumba ile ilimfuata Rietveld maisha yake yote, na kwa upande fulani ilimbana. Watu walimkumbuka kama mtu wa rangi tatu, naye alikuwa amekwisha kusonga mbele. Mwaka 1928 alijitenga na De Stijl akajiunga na wasanifu waliosisitiza manufaa na bei nafuu. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa waliokutana La Sarraz, Uswisi, kuanzisha mkutano wa kimataifa wa usanifu wa kisasa uliojulikana kwa kifupi kama CIAM. Mwaka 1929 alibuni nyumba ambayo kiini chake, chenye ngazi, mabomba na nyaya, kingetengenezwa kiwandani na kuletwa tayari, kisha vyumba vijengwe kukizunguka. Mwaka 1931, yeye na Truus walikamilisha safu ya nyumba katika Erasmuslaan, ng'ambo ya nyumba ya kwanza. Mwaka 1932 alishiriki katika mtaa wa mfano wa Werkbund uliojengwa Vienna.

Katika samani pia alizidi kupunguza. Kiti cha Zig-Zag, cha mwanzoni mwa miaka ya 1930, kina mbao nne tu: ya chini, ya mshazari, ya kukalia na ya kuegemea. Hakina miguu. Bapa, ambazo katika kiti cha kwanza zilibebwa na fito, sasa zinajibeba zenyewe. Mwaka 1934, wakati mdororo wa uchumi ulipokuwa umewaacha wengi bila kazi, alibuni samani za mbao za bei rahisi, za aina ya zile zinazotengenezwa makasha ya kubebea mizigo. Duka la Metz & Co liliziuza zikiwa vipande, na mnunuzi alizifunga mwenyewe nyumbani kwa skurubu. Mbao hazikufichwa wala kupakwa kitu. Mtoto wa atelie ya nakshi alikuwa amefika upande wa pili kabisa wa ufundi wa baba yake.

Hata hivyo kazi kubwa za makazi ya umma, ambazo alizitamani kuliko zote, hazikumjia kwa urahisi. Wateja wake wengi kabla ya vita walikuwa watu wa kipato kizuri waliotaka nyumba moja moja. Ujerumani ilipoikalia Uholanzi mwaka 1940, njia ilizidi kufungwa. Utawala wa uvamizi uliwalazimisha wasanii na wasanifu wajiandikishe katika chama chake cha utamaduni. Asiyejiandikisha hakuruhusiwa kufanya kazi yake. Rietveld alikataa kujiandikisha. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na kukataa huko kulimaanisha kukaa bila kazi rasmi hadi vita vilipokwisha.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita jina lake lilirudi. Mwaka 1951 makumbusho ya Stedelijk ya Amsterdam yaliandaa maonyesho makubwa ya De Stijl, na Rietveld ndiye aliyeyapanga ukumbini. Kisha yalipelekwa Venice na New York. Alijenga banda la Uholanzi katika maonyesho ya Venice, lililofunguliwa 1954, na mwaka 1955 alisimamisha katika bustani ya Sonsbeek, mjini Arnhem, banda la muda la kuwekea sanamu. Mwishowe alipata pia nafasi ya kujenga makazi ya watu wa kawaida, kama yale ya mtaa wa Hoograven katika Utrecht. Alikuwa amekwisha kuvuka miaka 60.

Mkewe Vrouwgien alifariki mwaka 1957. Baada ya hapo Rietveld alihamia Prins Hendriklaan, akaishi katika nyumba aliyoijenga na Truus zaidi ya miaka 30 kabla. Upeo wa mashamba uliowafanya wachague kiwanja kile haukudumu. Katika miaka ya 1960 barabara kubwa ya magari ilijengwa juu ya tuta mbele ya nyumba, na dirisha la pembeni lililofunguliwa ili kuondoa mpaka kati ya chumba na mashamba likabaki kutazama magari.

Mwaka 1963 alipewa kazi ya kubuni makumbusho ya Vincent van Gogh mjini Amsterdam. Mwanzoni mwa 1964 chuo kikuu cha Delft kilimpa udaktari wa heshima, yeye aliyeacha shule akiwa mtoto. Alifariki mwezi Juni mwaka huo, akiwa ndio kwanza amefikisha miaka 76. Makumbusho yalimaliziwa na wenzake wa ofisini, yakafunguliwa 1973. Truus aliendelea kuishi katika nyumba ile hadi kifo chake mwaka 1985. Ilikarabatiwa, na mwaka 2000 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Urithi wake una mgongano ambao yeye mwenyewe hakuutaka. Kiti kilichobuniwa ili kiwe rahisi kutengenezwa kimekuwa kitu cha makumbusho. Nakala zake rasmi, ambazo kampuni ya Cassina ya Italia ilianza kuzitengeneza katika miaka ya 1970, huuzwa kwa bei isiyomfaa mfanyakazi aliyekusudiwa. Ukilipima hilo peke yake, utasema Rietveld alishindwa. Lakini kiungo chake hakina siri. Seremala yeyote mwenye msumeno, keekee na vijiti vichache vya mviringo anaweza kukitazama mara moja, akarudi kwenye meza yake akakifanya. Fito tatu zinapitana, hakuna unaoukata mwingine. Hilo Rietveld aliliacha wazi kwa kila mtu, hata bila rangi.